Sufuria moja kubwa, mbili za kati, au mboga kando? Ulinganisho wa kupika mchuzi mzito wa watu wengi

Mtu akipewa kazi ya kupika mchuzi wa nyama na mboga wa watu mia, swali lake la kwanza huwa nyama kilo ngapi. Hilo lina jibu rahisi na nitalitoa hapa chini. Swali linaloamua kama mchuzi utaiva sawasawa, utaungulia au utatoka majimaji ni jingine: utaupikia ndani ya nini, na vitu utavigawaje kati ya vyombo ulivyo navyo.

Njia ziko tatu. Ya kwanza ni kumimina kila kitu kwenye sufuria moja kubwa, kuanzia vitunguu hadi viazi, na kukoroga mpaka mwisho. Ya pili ni kugawa mchuzi uleule kwenye sufuria mbili au tatu za kati, kila moja ikipikwa kama mchuzi kamili. Ya tatu ni kuiachia sufuria kubwa nyama na supu yake tu, mboga zikaiva kando, halafu vyote vikakutana nusu saa ya mwisho. Mimi ni mtu wa njia ya tatu. Hata hivyo zipo hali ambazo nyingine mbili zinaishinda bila ubishi, na nitazitaja.

Kiasi, ili tuzungumze kitu kimoja

Mchuzi unaosindikiza chakula kingine hutosha kwa mililita 300 kwa kila mtu. Ukiwa ndio mlo wenyewe, hesabu 400 hadi 500. Nikichukua 400, watu 100 wanahitaji lita 40. Sufuria haijazwi hadi ukingoni, robo yake iachwe wazi kwa ajili ya mwiko na kwa ajili ya povu. Kwa hiyo lita 40 za mchuzi zinataka sufuria ya lita 55 hivi.

Nyama ya steki mbichi, gramu 120 hadi 150 kwa mtu. Nyama ya mfupa, gramu 200 hadi 250. Mboga zote kwa jumla, zikishamenywa, gramu 150 hadi 200. Kwa watu 100 hiyo ni steki kilo 12 hadi 15 na mboga kilo 15 hadi 20. Ukishaviweka hivyo vyote ndani, nafasi iliyobaki ya maji ni lita 5 hadi 13 tu, na hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu. Wanachukua pishi la watu wanne, wanazidisha kila kitu mara 25, maji pia, kisha wanashangaa mchuzi umekuwa supu. Sufuria kubwa ina mdomo mdogo ukilinganisha na ujazo wake, hivyo maji yanayopotea kwa mvuke ni sehemu ndogo kuliko kwenye sufuria ya nyumbani. Anza na maji machache. Kuongeza ni kazi ya dakika moja, kupunguza ni kazi ya saa nzima.

Tabia ya sufuria kubwa

Chukua sufuria yenye upana wa sentimita 20, iliyojaa mchuzi hadi kimo cha sentimita 16. Hapo kuna lita 5. Sasa zidisha vipimo vyote viwili mara mbili: upana sentimita 40, kimo sentimita 32. Mchuzi umekuwa lita 40, yaani mara nane, wakati kitako cha sufuria kimeongezeka mara nne tu. Kila sehemu ya kitako sasa inatakiwa kupitisha joto la kutosha chakula maradufu. Ukitumia moto wa adabu, sufuria inachelewa kuchemka. Ukiwasha moto mkali ili kufidia, chakula cha chini kinashika.

Maji na supu nyepesi vina namna ya kujiokoa: kilichopata joto chini kinapanda, cha juu kilichopoa kinashuka, na mzunguko huo haukomi hata kama hakuna anayekoroga. Mchuzi ukishakuwa mzito mzunguko huo unakufa. Wanga wa viazi, unga na maharage yaliyopasuka vinatulia chini, vinakaa palepale juu ya moto, na hapo mwiko peke yake ndio unaofanya kazi yote iliyokuwa ikifanywa na supu. Sufuria yenye kimo cha zaidi ya sentimita 30 ikijaa mchuzi mzito inataka mtu mwenye mikono ya nguvu, mwiko mrefu wenye ncha bapa inayofika kwenye kona za chini, na asiyechoka wala kuitwa pembeni kusalimia wageni.

Karibu tofauti zote kati ya njia hizi tatu zinatoka hapo: ni saa ngapi mchuzi wako unakuwa mzito, na wakati huo uko kwenye chombo cha kina gani.

Njia ya kwanza: kila kitu sufuria moja

Sifa yake kubwa ni ladha. Nyama, nyanya, vitunguu na viungo vinakaa pamoja saa mbili au tatu, na kila sahani inayotoka inafanana na iliyotangulia. Moto ni mmoja, chombo cha kuosha ni kimoja, na kazi ya kupika inaonekana kuwa ya wote: huyu anamenya, yule anakata, mwingine yuko kwenye mwiko. Kwa mkusanyiko ambao watu wamekuja kupika pamoja na si kula tu, faida hiyo ni nzito, na sidhani kama inafaa kuidharau kwa sababu ya hesabu za vitako vya sufuria.

Hasara yake ni kwamba mayai yote yako kwenye kapu moja. Mchuzi ukiungulia chini na mtu akaendelea kukoroga, harufu inaingia kwenye lita zote 40 ndani ya dakika chache na hakuna kiungo kitakachoificha. Dawa ni moja: mtu akihisi mwiko unakwaruza, moto uzimwe papo hapo, chini pasiguswe, na mchuzi wa juu uchotwe kwa upawa kuhamia chombo kingine. Maana yake ni kwamba hata mpishi wa sufuria moja anahitaji sufuria ya pili iliyosafishwa, imekaa tayari pembeni.

Tatizo la pili ni ubaridi wa mboga. Una lita 30 za supu na nyama zikiwa nyuzi 95, unamimina kilo 10 za viazi vya nyuzi 20. Joto la sufuria nzima linashuka hadi chini kidogo ya nyuzi 80. Jiko kubwa la gesi linalofikisha kilowati 5 ndani ya sufuria litarudisha joto kwa dakika kama 8 au 9. Jiko la kawaida la nyumbani litachukua karibu nusu saa, na muda wote huo viazi vinalowa bila kuiva. Halafu zikija karoti na kabichi, kila mmoja anaanzisha kusubiri upya. Ndiyo sababu sufuria kubwa za mchuzi hazifuati saa ya mpishi aliyezoea sufuria ndogo, na ndiyo sababu ya viazi vya chini kusagika huku vya juu vikiwa bado vinagonga meno.

Ukiichagua njia hii, mpangilio ni nusu ya kazi. Nyama kwanza na supu nyepesi, karoti na mboga ngumu zikibaki dakika 40, viazi zikibaki dakika 30, kabichi robo saa, hoho na njegere mwisho kabisa. Kitu chochote cha kuongeza uzito kiingie moto ukiwa umeshapunguzwa. Mboga za kila awamu zimwagiwe maji ya moto kabla ya kuingia, na ule mshuko wa joto utapungua sana. Wakorogaji wawe wawili wa kupokezana.

Njia ya pili: sufuria mbili au tatu za kati

Lita 40 zilezile kwenye sufuria mbili za upana wa sentimita 32, kila moja lita 20, zinafika kimo cha sentimita 25 tu. Vitako viwili kwa pamoja vina sentimita za mraba 1,600, wakati kitako cha ile moja kubwa kina 1,250. Joto lina mlango mpana zaidi, mwiko wa kawaida unafika chini, na sufuria yenyewe watu wawili wanaweza kuiepua. Sufuria ya lita 40 iliyojaa inapita kilo 40 kabla hujahesabu uzito wa chombo. Ikishakaa motoni haiondoki, na asiwepo mtu wa kujaribu kuibeba ikiwa inachemka.

Kwa aliye na majiko ya nyumbani tu, hii ndiyo njia. Jiko la kilowati 3, ambalo nusu ya joto lake huishia hewani, litachukua zaidi ya saa mbili na robo kuzifikisha lita 40 kwenye nyuzi 95. Majiko mawili ya aina hiyo, kila moja na lita 20, yatamaliza kwa saa moja na dakika 10.

Kuna faida nyingine ambayo haihusiani na moto. Sufuria mbili zinaruhusu michuzi miwili: mmoja wenye pilipili na mwingine wa watoto, au mmoja wa nyama na mwingine wa mboga na maharage kwa wasiokula nyama. Kwenye mkusanyiko wa watu mia hawakosekani watu wa namna hiyo, na kuwachotea mchuzi huku ukiwaondolea vipande vya nyama si kuwajali.

Hasara? Macho na mikono. Kila sufuria inataka mtu wake. Na sufuria mbili zilizopikwa na watu wawili hazifanani ladha hata mkipima kila kitu, na habari hiyo inafika mwisho wa foleni mapema sana: watu wanajua ipi ina utamu na wanahama mstari. Njia ya kupunguza aibu hiyo ni kubadilishana. Dakika 20 kabla ya kupakua, chota lita 5 au 6 kutoka hii uweke bakuli kubwa, chota kiasi hicho kutoka ile uimimine huku, kisha ya bakuli uimimine kule. Fanya mara mbili. Haziwi pacha, lakini ugomvi unaisha. (Kama moja ni ya wasiokula nyama au pilipili, hapo usibadilishane chochote, hata upawa uwe tofauti.)

Njia ya tatu: nyama sufuria kubwa, mboga kando

Hapa sufuria kubwa inabaki na nyama, vitunguu, chumvi kidogo, viungo vigumu na maji. Kwa kuwa supu bado ni nyepesi, inajizungusha yenyewe. Unaweza kuiacha ikitokota kwa moto wa chini saa mbili au tatu ukaenda kukata mboga, ukirudi mara mojamoja kuondoa povu na mafuta yaliyozidi. Huo ndio muda mrefu kuliko yote katika pishi hili, na njia hii inaugeuza kuwa muda ambao hakuna anayekaa na mwiko mkononi.

Mboga ziive kwenye sufuria za kawaida, na zipikwe kwa supu uliyochota kwenye ile kubwa. Sababu ni kwamba pingamizi la wapishi wengi dhidi ya njia hii ni la kweli: viazi vilivyochemshwa kwa maji matupu vikitumbukizwa kwenye mchuzi dakika za mwisho vinakaa kama wageni, ladha ya nyama haijaingia. Vikiiva ndani ya supu yenyewe, na mchuzi mzima ukapumzishwa na mfuniko dakika 20 baada ya moto kuzimwa, ni wachache watakaotambua tofauti. Nyanya zikaangwe pembeni na vitunguu hadi ziwe rosti nzito, mafuta yaanze kujitenga, ndipo ziingie. Zikiingia mapema zikiwa mbichi, uchachu wake unachelewesha viazi na maharage kulainika.

Maharage yapikwe peke yake katika njia zote tatu, hapo sina maelewano. Maharage mekundu makavu yana sumu ya asili inayoharibika kwa kuchemshwa kwa nguvu tu. Yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, yachemke kwa maji mapya kwa moto mkali walau dakika 10, ndipo moto upunguzwe hadi yaive. Sufuria kubwa iliyojaa, ambayo inakaa nyuzi 80 ikisubiri kuchemka, ni mahali pabaya kabisa pa kuyaanzishia.

Gharama ya njia hii ni vyombo na hesabu ya muda. Unahitaji sufuria tatu au nne, majiko walau mawili, na mtu mmoja anayejua kila kitu kiko wapi. Mboga zikiwahi, zinalainika kupita kiasi zikisubiri nyama. Nyama ikiwahi hakuna neno, inasubiri bila kuharibika. Kwa hiyo usiweke mboga motoni mpaka uma uingie kwenye nyama bila kusukumwa.

Zikiwekwa bega kwa bega:

| | Moja kubwa | Mbili za kati | Mboga kando |
|---|---|---|---|
| Hatari ya kuungulia | Kubwa, na inaharibu vyote | Ndogo, inaharibu nusu | Ndogo, isipokuwa nusu saa ya mwisho |
| Ladha | Imeshikana kuliko zote | Nzuri, ila zinatofautiana | Nzuri, mboga hazijasagika |
| Wakorogaji | Wawili wa kupokezana | Mmoja kwa kila sufuria | Mmoja, hadi mwisho wawili |
| Majiko ya nyumbani | Hayatoshi | Yanatosha | Yanatosha kwa mboga tu |
| Wasiokula nyama | Hawana chao | Wana sufuria yao | Watengewe mboga zilizopikwa bila supu |

Chini ya watu 40, usijisumbue na lolote kati ya haya: sufuria moja ya lita 20 hadi 25 inatosha na inatawalika. Kuanzia 40 hadi 120, njia ya tatu ndiyo ninayoipendekeza kama una jiko kubwa, ya pili kama huna. Zaidi ya hapo usitafute sufuria kubwa zaidi, ongeza idadi ya sufuria za ukubwa unaouzoea. Sufuria moja ya lita mia inafaa pale tu penye jiko la kujengewa, mwiko wa urefu wa mkono na nusu, na watu waliokwisha kuifanya kazi hiyo.

Kuni au gesi

Kwa sufuria kubwa, gesi inashinda kwa sababu moja: unaweza kuipunguza papo hapo. Mchuzi ukianza kushika chini, kuzungusha kitasa ni sekunde moja, wakati kwenye kuni unavuta vijinga huku makaa yakiendelea kuchoma. Hakikisha tu moto wa jiko umetawanyika kwenye kitako chote. Jiko linalotoa moto wa duara dogo katikati litaunguza duara lilelile hata kwa sufuria nene.

Kuni zina nguvu nyingi, ila sehemu kubwa inapotea. Moto wa mafiga matatu ulio wazi hufikisha kwenye sufuria asilimia 10 hadi 15 tu ya joto la kuni, hivyo kuchemsha lita 40 kwa mara ya kwanza kunaweza kula kilo 6 hadi 8 za kuni kavu. Kukinga upepo kwa matofali au bati pande tatu kunapunguza sana upotevu huo. Wanaosema mchuzi wa kuni una harufu yake hawakosei, ila harufu hiyo inahitaji sufuria isiyofunikwa muda wote, na usipofunika unachoma kuni zaidi. Mkaa uko katikati: joto lake ni tulivu na unafaa sana kwa saa mbili za kutokota, lakini kuchemsha sufuria kubwa kwa mkaa tangu mwanzo ni kuutesa.

Nyama ipi

Ng'ombe kwa muundi, shingo, mbavu au mkia ndiye nyama ya sufuria kubwa. Sehemu hizo zina kolajeni nyingi, protini ngumu ya kano, ambayo kuanzia nyuzi 70 hivi huanza kuyeyuka kuwa jelatini, na kadiri joto linavyokaribia 90 ndivyo inavyoyeyuka haraka. Inachukua saa mbili na nusu hadi tatu na nusu. Jelatini hiyo inaupa mchuzi uzito unaosikika ulimini ambao unga hauwezi kuuiga. Steki laini isiyo na kano ni hasara hapa: saa tatu zikipita inakuwa nyuzi kavu zinazonasa kwenye meno, na umelipia zaidi.

Mfupa au bila mfupa? Kwa ladha, mfupa. Kwa kupakua, bila mfupa, maana mifupa inakula nafasi ya sufuria, inakwaruza chini, na inaleta manung'uniko ya nani kapewa mfupa na nani kapewa nyama. Suluhu nzuri ni kuichemsha mifupa peke yake kabla, kuichuja supu, kisha kuipikia nyama ya steki ngumu ndani ya supu hiyo. Hiyo inakwenda vizuri sana na njia ya tatu.

Mbuzi anaiva kwa saa moja na nusu hadi mbili na nusu kutegemea umri wake. Kuku wa kisasa anatosheka na dakika 40 hadi 50 na baada ya hapo anaachana na mifupa, hivyo usimpike pamoja na ng'ombe tangu mwanzo. Kama lazima wachanganywe, kila mmoja awe na sufuria yake, na hapo njia ya pili inajipendekeza yenyewe.

Chochote utakachochagua, kama unataka nyama iwe na rangi, ikaange kwa mafungu kwenye kikaango kipana kabla haijaingia. Kilo 13 zikimwagwa kwa mpigo kwenye sufuria kubwa hazikaangiki, zinatoa maji na kuchemka ndani yake.

Chombo chenyewe

Sufuria za alumini ni nyepesi na zinasambaza joto vizuri mno, zaidi ya mara kumi ya chuma kisichoshika kutu. Lakini nyembamba zinabonyea na kuungua sehemu moja, na mchuzi wenye nyanya nyingi ukilala ndani yake unaweza kuchukua ladha ya chuma. Pikia humo, usihifadhie humo. Chuma kisichoshika kutu hakina tatizo la nyanya, ila kinakusanya joto pale moto ulipo, kwa hiyo nunua au azima chenye kitako kinene cha tabaka. Chungu cha chuma cha kusubu kinatunza joto kuliko vyote na ni kizito kupita vyote. Kwa lita 40 sioni sababu.

Kuupa uzito, na chumvi

Viazi vilivyopondwa na kurudishwa ndani ni bora kuliko unga, kwa sababu unga usiochanganyika unaleta mabonge na ndio wa kwanza kushika chini. Dengu zinafaa pia. Katika sufuria yoyote, hatua hii ije nusu saa ya mwisho na moto uwe wa chini.

Chumvi isizidishwe kwa kubahatisha. Anza na gramu 6 au 7 kwa kila lita ya mchuzi uliokamilika, yaani gramu 250 hivi kwa lita 40, koroga hadi chini, subiri dakika tano, onja. Wengi wanaishia karibu na gramu 10 kwa lita. Pilipili kali na karafuu vizidishwe kwa nusu ya hesabu yako, kisha uongeze ukionja.

Baada ya kupakua: hapo sufuria kubwa inaonyesha ubaya wake

Sufuria ya lita 40 iliyofunikwa inakaa juu ya nyuzi 80 kwa saa nzima baada ya moto kuzimwa. Wakati wa kula hiyo ni neema: mchuzi unabaki moto bila kuchochewa, na mboga zinaendelea kuiva, kwa hiyo zima moto zikiwa bado na ugumu kidogo. Chakula kinachosubiri walaji kisiteremke chini ya nyuzi 60, na kipimajoto cha jikoni ni kifaa kidogo cha kuazima au kununua kwa siku kama hiyo.

Kilichobaki ndicho chenye hatari. Bakteria wa Clostridium perfringens wana mbegu zinazostahimili kuchemshwa, na mchuzi wa nyama unaopoa polepole ndio makazi wanayoyapenda; kati ya nyuzi 43 na 47 wanaweza kuongezeka maradufu kila dakika kumi hivi. Sufuria kubwa iliyoachwa usiku kucha na mfuniko wake inapita kwenye joto hilo kwa saa nyingi, na asubuhi bado ina uvuguvugu. Kuuchemsha tena mchuzi huo hakumhakikishii mtu usalama kama bakteria walishakuwa wengi mno.

Lengo ni kushuka kutoka nyuzi 60 hadi 21 ndani ya saa mbili, kisha hadi 5 ndani ya saa nne nyingine. Hakuna sufuria kubwa inayoweza kufika huko yenyewe, na hata zile za lita 20 haziwezi. Mimina mchuzi kwenye trei au mabakuli mapana usizidi kina cha sentimita 5 hadi 7, yaweke bila kufunikwa kabisa juu ya maji ya baridi au barafu, koroga mara mojamoja, na yakipoa yaingie kwenye friji. Ukipasha, pasha kile kitakacholiwa tu, kifike walau nyuzi 75 hadi katikati ya vipande vya nyama. Na kama hapo mlipo hakuna friji wala barafu, wagawieni watu waondoke nacho kikiwa bado moto wakale muda huohuo, au pikeni lita chache pungufu ya hesabu.